Kiti cha Mbele cha Baba Mkwe

Walimu wenzangu, tangu nirudi mmeniuliza swali moja tu. Hamkuuliza habari ya mtoto wala ya baridi ya Kanada. Mnauliza, "Kile kiti cha mbele kwenye ndege, kinalipa au ni kutupa hela?" Kila nikianza kujibu kengele inalia, na anayebaki na nusu ya habari anaitangaza Kawetele nzima kama habari kamili. Basi nimeandika. Na wewe mwalimu wa hesabu, uliyesema utauza parachichi zako zote uende kwa mwanao ukiwa umelala, soma mpaka mwisho kabla hujaita madalali.

Mambo ya visa na tiketi siyasemi. Itoshe kwamba mume wangu Gwakisa ndiye aliyepaswa kumsindikiza baba yake kwenda Kanada kwa wifi yangu Tusekile, akanyimwa, nikapewa mimi. Kwa nini, sijui hadi leo.

Wengi wenu ni wa kuja kama mimi, kwa hiyo jambo moja niliweke wazi. Kwetu Singida baba mkwe unamsalimia, unampakulia, mnacheka. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wanaita ukutila. Vijana wameacha, na kanisani hakuna anayeuliza, lakini baba mkwe wangu, mstaafu wa kiwanda cha chai na mzee wa kanisa, hakuacha. Tangu niolewe Kinyala, nikisikia anakohoa njiani naingia migombani mpaka apite. Akikaa uani, mimi niko jikoni. Uso wake nilikuwa naujua kwa picha ya harusi tu, na humo pia ametazama pembeni.

Mtu wa namna hiyo ndiye nilikabidhiwa nimvushe bahari.

Na haikuwa kumvusha tu. Mwaka juzi damu iliganda ndani ya mguu wake wa kushoto, tukakaribia kumzika. Daktari alimruhusu kusafiri kwa masharti: meza vidonge, kunywa maji, nyanyuka kila mara, na zaidi ya yote lala, mguu uwe juu. Akikaa wima safari nzima, damu inaweza kuganda tena, na huko angani hakuna pa kumpeleka. Ndiyo maana Tusekile, aliyepata mtoto wake wa kwanza baada ya kungoja sana, akamlipia baba kiti cha bizinesi, kile kinachogeuka kitanda. Changu kikawa cha kawaida, huko nyuma. Sikununa. Haya, nilinuna kidogo.

Kinyala hadi Songwe

Gwakisa alituendesha mwenyewe. Baba mbele, mimi nyuma yake, khanga kichwani, nimegeukia dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha, na nyie mnaijua mvua ya Rungwe. Kabla hatujafika mbali tukakuta lori la ndizi limelala katikati ya barabara, mikungu imetapakaa, wanawake wa jirani wanapatana bei na dereva ambaye hata hajamaliza kutetemeka.

Tukangoja. Baba akashuka kunyoosha mguu, akasimama sawasawa na mlango wangu. Nami nilikuwa nimebanwa na haja, jamani, sina namna nyingine ya kusema. Mlango ule siwezi kuufungua. Nikatokea upande wa pili, wenye korongo, nikateleza mpaka chini. Nilifika uwanja wa ndege nina tope magotini, na mlinzi wa mlangoni akanipa pole ya msiba.

Wakati wa kuagana Gwakisa alinivuta pembeni. "Mama Lusajo, nakukabidhi baba. Uutazame mguu."

"Nitautazamaje mguu wa mtu nisiyemtazama?"

"Utajua mwenyewe. Wewe si mwalimu?"

Nilitamani kumpiga na mkoba.

Songwe hadi Dar

Ndege ya kwanza ilikuwa ndogo, haina bizinesi wala nini, na viti vyetu viliandikwa pamoja. Nikasimama pale kwenye njia, siendi mbele, sirudi nyuma, watu wananisukuma. Baba amekwishakaa dirishani, uso kiooni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mnene mwenye biashara ya parachichi, kiti chake ng'ambo ya njia. Alimtazama baba, akanitazama mimi na khanga yangu, akaelewa bila kuambiwa. "Ee Kyala, Mungu wangu! Mkwe! Ngoja." Akajipenyeza katikati yetu na mfuko wake, nami nikachukua kiti chake. "Mimi ndiyo ukuta. Semeni mnachotaka."

Ukuta ule ulifanya kazi. Nikimwambia, "Mama, labda mzee angekunywa maji," anageuka: "Tata, mwalimu anasema maji." Baba anajibu, "Mwambie ndaga, asante, nimekunywa." Mama huyo akawa anaongeza na ya kwake. Nilipouliza habari ya mguu, alimwambia baba kwamba mkwe wake ana wasiwasi sana na nyumbani kwao lazima walimlea vizuri. Baba akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa karibu. Ana kicheko kidogo chembamba, si cha mtu mkubwa vile.

Tulipotua Dar mama wa parachichi akatubariki akaenda zake. Sikuwahi kumpenda mtu kwa haraka namna hiyo.

Dar hadi Arabuni

Kwenye ndege kubwa walimpitisha baba mlango wa mbele, mimi wakanipeleka nyuma, karibu na choo, katikati ya mabwana wawili wanene. Kabla hatujatenganishwa nilimsikia baba akimwambia mtu wa tiketi, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu Tusekile ana akili sana. Amefikiri vizuri. Mimi huku, yeye kule." Nikaona, heee, mzee kafurahia kitanda. Nikatulia.

Kumbe hakuna aliyekuwa amemwelewa mwenzake.

Baada ya kula (wali mkavu, na kuku ambaye sina hakika kama alikuwa kuku) nikakumbuka mguu. Nikaenda mpaka kwenye pazia. Mhudumu akanizuia, akaniambia kwa Kiingereza nirudi kwenye kiti changu. Nikamweleza, kwa Kiingereza kile kile tunachofundishia, kwamba mle ndani yupo baba wa mume wangu, nataka kuona kama amelala, ila yeye asinione, na mimi nisimwone uso. Niuone mguu tu.

Dada wa watu alinitazama. "Mnagombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Akaenda kumwita mwenzake. Bahati, mwenzake alikuwa Mkenya. "Mama, wewe ndiye uko na yule mzee wa mbele? Hebu mwambie alale. Tangu tupae ameketi tu, mikono kwa magoti, viatu mguuni, kama mtu wa kanisa. Nimemwonyesha vile kiti inageuka kitanda. Amekataa katakata."

"Amekataa? Kwa nini?"

"Anasema hawezi kulala mbele ya mkwe. Nikamwambia mkwe yuko mbali, huko nyuma kabisa. Akaniambia ndege ni nyumba moja."

Ndege ni nyumba moja! Kitanda chenye bei ya ng'ombe wa maziwa, na mzee amekikalia kama benchi la zahanati. Nikamsihi yule dada ambembeleze: anyanyuke atembee, anyooshe mguu. Akaenda, akarudi anatikisa kichwa. "Amesema akitembea atakuona." Nikamwambia basi mwambie nimelala, nimejifunika gubigubi. Akaenda. Akarudi. "Amesema mtu aliyelala hatumi ujumbe."

Nikarudi kukaa katikati ya wale mabwana. Wote wawili walikuwa wanakoroma. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliwaza nitampigia Gwakisa simu nimwambie nini: baba yako amekufa kwa adabu, mimi nikiwa nyuma karibu na choo?

Arabuni, kwenye mabenchi

Tuliposhuka, baba aliletwa kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na mwanamume mmoja mpole kutoka Nepali. Kiatu cha kushoto alikuwa amekishika mkononi. Kilikuwa hakiingii tena.

Sasa ukuta wa parachichi haupo. Yupo huyu Mnepali, asiyejua Kiswahili hata neno. Nikafanya alichofundisha yule mama. Nikamtazama Mnepali machoni, nikasema kwa sauti, "Mguu unauma?"

Mnepali akasema, "Yes, madam."

Baba naye akamtazama Mnepali. "Mwambie hauumi. Umejaa tu."

"Yes, sir."

"Tunakwenda kwa daktari," nikamwambia Mnepali.

"Mwambie si lazima."

"Mwambie ni lazima!"

"Yes, madam. Yes, sir." Maskini, jasho lilimtoka. Alituzungusha ukumbi mzima, kila mmoja akimkemea kwa zamu, na nadhani jioni alikwenda kuwasimulia wenzake habari za Waafrika wawili wanaomchukia bure.

Zahanati ya uwanja ilikuwepo. Daktari, mama mwenye miwani, akaubonyezabonyeza mguu, akaupima kwa mashine, akasema Mungu ametuhurumia, damu haijaganda. Umevimba kwa kukaa. Kisha akaniambia mimi, maana baba alikuwa anatazama ukuta, "Safari iliyobaki ni ndefu kuliko hii. Akikubali kulala, aende. Asipokubali, siwezi kumruhusu. Zungumza na baba yako."

Zungumza! Tangu niolewe sijazungumza naye, leo nizungumze kwa amri ya daktari wa Kiarabu.

Mnepali alituacha kwenye mabenchi ya kungojea. Sasa sikilizeni. Mabenchi ya kule yamefungwa mgongo kwa mgongo. Baba yuko upande mmoja, mguu juu ya begi, mimi nikazunguka nikakaa upande wa pili. Yeye anatazama duka la manukato, mimi natazama mlango wa choo. Visogo vyetu vimekaribiana kiasi kwamba nilisikia harufu ya ndizi za kuchoma alizofungiwa na mama mkwe. Tukakaa.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mwalimu."

Jina langu hajawahi kulitamka, na hata hilo la ualimu nilikuwa nalisikia kwa mbali tu, akiniulizia kwa watu. Nikaitika, "Abee, baba."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema ulale. Usipolala tunarudi Kinyala. Mjukuu utamwona kwenye simu."

Nikasikia karatasi inafunguliwa, na ndizi moja ikaja juu ya bega langu, mkono tu, bila uso. Nikaipokea kwa mikono miwili bila kugeuka.

"Mwalimu, nitalalaje?" akasema. "Tusekile ametulipia heshima. Amejua mimi na wewe hatuwezi kukaa pamoja, akalipa hela nyingi nikae mbele, wewe ukae nyuma, pazia katikati. Nilimshukuru Mungu kwa mtoto yule. Sasa mara wasichana wanasema mkwe yuko paziani, mkwe anauliza mguu. Nami nilale pale, nimevua viatu, nimeachama mdomo, wewe ukiingia? Heshima aliyoilipia si inakuwa bure?"

Nikaishusha ndizi. "Baba, Tusekile hakulipia heshima."

"Alilipia nini?"

"Mguu."

"Mguu?"

"Mguu, baba. Kiti kile ni cha mguu. Pazia wala hakulifikiria."

Nilitamani kugeuka, na shingo ilikataa. Halafu nikakisikia kile kicheko chembamba. Alicheka mpaka benchi likatikisika na mimi nikiwa nimeegemea. "Ee Kyala wangu," akasema. "Na mimi nimeukalisha mguu huo wima toka Dar!"

Nikacheka na machozi yakanitoka, na vyote viwili sikuvielewa.

Ile ndefu

Hapa ndipo mwalimu wa hesabu asome vizuri. Baba alikwenda mbele, mimi nyuma, safari hii nikakaa na mama mmoja mwenye mtoto aliyelia kwa bidii zote. Tulipokuwa tumeshapaa na taa zimepunguzwa, mhudumu akaja kunigusa bega. "Mzee wa mbele anakuita." Si Mkenya, mwingine. Nikauliza amejuaje, baba hajui Kiingereza. Akaniambia alionyesha mguu, akaonyesha nyuma, akaandika hewani kama ubaoni. Nikajua, mwalimu.

Nikapita pazia nikiwa nimeinamisha kichwa, natazama zulia. Nikahesabu viti kwa viatu vya watu. Nilipofika kwake nikainua macho kidogo kidogo, kutoka chini.

Amelala. Kitanda kimenyooshwa. Blanketi limemfunika kuanzia utosini, hakuna hata unywele unaoonekana. Uliotoka nje ni mguu mmoja tu, wa kushoto, hauna soksi, umewekwa juu ya mito miwili.

Nilisimama pale sijui nicheke au nipige magoti. Mtu yule, kwa akili yake mwenyewe, alikuwa ameutenga mguu na baba mkwe.

Nikapiga magoti. Nikaubonyeza kifundoni kama daktari alivyofanya. Sikuwahi kumgusa. Ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyeshinda miaka yote kwenye chai. "Umepungua, baba," nikaliambia blanketi.

"Ndaga," blanketi likajibu. "Umekula?"

"Nimekula."

"Huko nyuma pakoje?"

Nikamwambia ukweli: pamebana, mtoto analia, magoti yangu yako kidevuni. Blanketi likasema, "Pole, mwanangu."

Mwanangu. Nikarudi nyuma nikapotea njia, nikakaa kwenye kiti cha mtu.

Waliniita tena na tena mpaka tunatua. Kila mara mguu uko nje, uso uko ndani, na kila mara anauliza kitu: kwetu Singida wanalima nini, mama yangu bado yuko hai, kwa nini siku ile ya lori niliingia korongoni. Nilimwambia. Blanketi lilicheka mpaka abiria wa jirani akavua vile vya masikioni kututazama.

Kwa Tusekile, na kurudi

Mjukuu ni wa kike, na baba alimshika siku nzima, hakuna aliyepewa zamu. Mguu uliingia kwenye kiatu asubuhi ya pili. Tusekile alipohadithiwa alilia kwanza, ndipo akacheka. "Baba, lakini nilisema ni kwa ajili ya mguu!"

"Ulimwambia Gwakisa. Gwakisa akaniambia, 'Tusekile amewawekea viti mbali mbali.'"

Nikaapa nitamshughulikia Gwakisa.

Siku za kurudi zilipokaribia, Tusekile akataka kulipia tena kile cha mbele. Baba akakataa. Tulidhani ni ubahili. "Kiti ni kizuri," akasema akitazama dirishani, maana mimi nilikuwa mlangoni. "Ila kila nikimtaka mwalimu lazima wamfuate mbali, wale wasichana wanachoka." Daktari wa huko alikubali viti vya safu ya kwanza vya kawaida, vyenye nafasi ya kunyoosha miguu, pamoja na soksi za kubana. Viwili, jirani.

Basi nilirudi Afrika nimekaa bega kwa bega na baba mkwe wangu. Yeye alitazama kulia, mimi kushoto, na mguu wake ulikuwa juu ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa juu ya mapaja yangu. Hakuna aliyejifunika.

Kinyala

Gwakisa alitupokea Songwe. Sitaandika nilichomwambia.

Tulipofika Kinyala mvua ilikuwa imekatika na uani watu wamejaa: mama mkwe, shemeji, majirani, wazee wawili wa kanisa. Baba akashuka mbele. Mimi nikashuka nyuma, na miguu yangu yenyewe, sikuituma, ikageuka kushoto ikaingia migombani. Khanga ikapanda kichwani. Nilikwenda hatua chache kwenye majani yenye maji, na mle ndani nikajiuliza nakwenda wapi. Nyumbani ni nyumbani, nikajijibu. Ya ndegeni yamebaki ndegeni. Iliniuma, wenzangu. Sikutegemea kwamba ingeniuma.

Nikasikia kikohozi. Halafu sauti, mbele ya watu wote wale.

"Mwalimu! Unakwenda wapi? Vidonge vyangu si unavyo wewe?"

Nikatoka migombani nimelowa, mkoba kifuani, macho chini. Mama mkwe alimtazama mume wake, akanitazama mimi, akamtazama tena mume wake. Aliingia jikoni, kule ninakokaa siku zote, akatoka na kile kigoda changu cha kupikia. Akakiweka uani, karibu na kiti cha baba.

Nikakaa. Magoti yangu yalikuwa kidevuni.